Nyasi au Ushahidi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mimea Iliyokaushwa

Toleo lililopita tuligusia hebaria kwa sentensi moja tu: nyumba ambamo mimea iliyokaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi na kuandikiwa lebo, hutunzwa kama vitabu vya maktaba. Barua zikamiminika kutoka Arua hadi Kisoro. Tumechagua nane na kuzijibu hapa, nyingine kwa urefu, nyingine kwa mkato.

Siku hizi simu inapiga picha safi kabisa. Kwa nini watu wazima wakae wanalinda makabati ya majani makavu?
*Mwanafunzi wa chuo, Jinja*

Picha inaonyesha upande uliopigwa, basi. Huwezi kuligeuza jani uone vinyweleo vya chini, huwezi kulipasua ua uhesabu vyumba vya ovari, wala huwezi kuchukua kipande cha milimita chache ukatoa DNA. Kielelezo kikavu, yaani mmea wenyewe uliokaushwa, kinakubali yote hayo, hata baada ya miaka mia mbili, tena kwa maswali ambayo aliyekichuma hakuyawazia.

Desturi hii ilishika mizizi Italia katika miaka ya 1540. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Luca Ghini (1490–1556), daktari aliyefundisha Bologna na Pisa. Wakati wa baridi wanafunzi wake hawakuwa na mimea mibichi ya kujifunzia dawa, kwa hiyo akaibana, akaikausha na kuibandika. Wakaiita bustani kavu. Mikusanyo ya kwanza ilijalidiwa kama vitabu, na hapo ndipo palipokuwa na udhaifu: mmea ukishagundishwa kwenye ukurasa wa 40, hauhamishiki. Karne ya 18 Linnaeus wa Uswidi alitumia karatasi zilizoachana, mmea mmoja kwa karatasi moja, akazipanga kabatini. Jina likibadilika, karatasi inahamia rafu nyingine. Mpaka leo hebaria zote zinakwenda hivyo, na zimezidi 3,000 duniani zikiwa na vielelezo karibu milioni 400.

Faida yake? Chukua baa la viazi. Wakulima wa Kabale na Kisoro wanaufahamu ugonjwa unaounguza majani ya viazi mviringo msimu wa mvua. Ndio ulioleta njaa ya Ireland kuanzia 1845. Majani yaliyougua wakati ule yalikaushwa na kuwekwa, na mwaka 2013 wanasayansi walitoa DNA ya kimelea kutoka kwenye majani hayo wakagundua kwamba aina iliyosababisha janga, waliyoipa jina HERB-1, ilikuwa tofauti na ile iliyodhaniwa kwa muda mrefu. Mwaka 1987 mtafiti Woodward alihesabu stomata, yaani vitundu vya kupumulia, kwenye majani ya miti yaliyohifadhiwa Cambridge kwa kipindi cha miaka 200, akakuta zimepungua kwa takriban asilimia 40 kadiri kaboni dioksidi ilivyoongezeka hewani. Aliyeyachuma majani yale hakujua kwamba hewa itakuja kubadilika.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi wa kahawa. Coffea stenophylla ni kahawa ya porini ya Afrika Magharibi inayostahimili joto na ambayo ladha yake inakaribia ya arabika. Nchini Sierra Leone ilikuwa haijaonekana porini tangu 1954. Wakiongozwa na kumbukumbu za vielelezo vya zamani, watafiti waliipata tena mwaka 2018. Bila lebo za mahali, wangeanzia wapi?

Neno lebo lishike vizuri, tutalirudia. Mmea mkavu usio na mahali wala tarehe ni nyasi tu, mpe mbuzi.

Shule yetu ni ya kijijini, maabara ni chumba kitupu. Nataka wanafunzi wa kidato cha tatu wakusanye mimea 30. Nahitaji nini, na nianzie wapi?
*Mwalimu wa Baiolojia, Arua*

Mwalimu, vifaa vingi viko sokoni kwenu au jalalani.

Kibanio ni mbao mbili za sentimita 30 kwa 45. Fremu ya fito zilizopishana ni bora kuliko ubao mzima kwa sababu inapitisha hewa. Ukiwa na plaiwudi, itoboe matundu. Ifunge kwa zile kamba za mpira ambazo watu wa boda boda hufungia mizigo. Zinashinda mikanda ya kawaida: mimea ikisinyaa, mpira unaendelea kubana wenyewe. Kata maboksi ya kadibodi kwa kipimo hichohicho, na mawimbi ya ndani yaelekee upande mfupi ili hewa iwe na safari fupi. Mwisho magazeti. Karatasi mbili za gazeti dogo la kila siku, zikiwa bado zimeshikana, zinafanya jalada la kipimo kinachotakiwa. Karatasi ya kung'aa hainywi maji, kwa hiyo msitumie jarida, hata hili letu.

Uchumaji: tawi la sentimita 30 hivi lenye majani na ua au tunda. Majani matupu hayatoshi, maana uainishaji wa mimea umesimama juu ya maua na matunda, na mtaalamu akipokea majani peke yake mara nyingi atakurudishia jina la jenasi tu, yaani kundi la aina zenye undugu. Mimea midogo ing'olewe na mizizi, udongo ukung'utwe hapohapo. Nyasi ndefu zikunjwe mfano wa herufi V au N, zisikatwe. Kabla ya kuchuma, watoto wahesabu: ikiwa mimea ya aina hiyo pale haifiki 20, wapige picha waiache. Ndani ya hifadhi za taifa kibali kinatoka Mamlaka ya Wanyamapori, na katika misitu ya akiba ya serikali kuu ni Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Kingo za barabara na mashamba ya wazazi yatawatosha kwa 30.

Kila mmea upewe namba papo hapo, daftarini na kwenye gazeti lake. Mfululizo uwe mmoja, 1, 2, 3 na kuendelea, usianze upya kila kijiji wala kila mwaka. Tumeshaona mikusanyo yenye "namba 7" nne, na hakuna anayejua daftari linasema ipi. Daftarini andika vitu ambavyo karatasi haitavihifadhi: urefu wa mti, rangi ya ua, harufu, kama ukikatwa unatoa utomvu na wa rangi gani, gome likoje. Rangi ya ua ndiyo hupotea kwanza.

Kwenye kibanio, panga hivi: kadibodi, gazeti lenye mmea, kadibodi, gazeti lenye mmea. Geuza jani moja au mawili ili upande wa chini uonekane. Tunda nene lipasuliwe kati. Kaza. Baada ya saa 24 fungua, na hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kunyoosha majani yaliyojikunja, kwa sababu bado ni malegevu. Kesho yake yatavunjika. Badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo, halafu kila baada ya siku mbili. Kwa jua na upepo, mmea wa kawaida huchukua wiki moja. Ukiwa na kisanduku chenye joto la nyuzi 40 hadi 50 linalopita chini ya kibanio, saa 48 zinatosha kwa mimea mingi. Sigiri tunaiogopa: magazeti makavu juu ya makaa hayahitaji maelezo, na joto likipita nyuzi 60 majani huwa kahawia na kuvunjika kama kaukau.

Utajuaje umekauka? Gusisha jani shavuni. Likiwa la ubaridi, bado lina maji.

Yanayoharibika huharibika kwa sababu chache. Ukungu mweupe au mweusi unatokana na kuchelewa: mimea ilikaa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) mchana kutwa, au magazeti hayakubadilishwa siku ya pili. Majani yaliyokunjamana maana yake kamba zililegea. Majani kudondoka yote, kama kwenye jamii ya mitini, au mmea kuendelea kuishi ndani ya kibanio, kama aloe na euphorbia zinavyofanya kwa wiki kadhaa, maana yake seli hazikuuawa. Mimea ya namna hiyo ichovye kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, ikaushe kwa kitambaa, ndipo uibane. Ua likae nje ya maji. Utomvu wa euphorbia unapofusha macho, kwa hiyo hiyo fanya mwenyewe, usiwape watoto.

Kubandika ni karatasi ngumu nyeupe, takriban sentimita 42 kwa 27 hadi 29. Gundi nyeupe ya seremala inafaa ikiwa haina asidi. Ipake kidogo, kisha shona shina kwa uzi mahali pawili patatu. Selotepu usiiguse: miaka michache tu inageuka njano, inaachia, na gundi yake inabaki imeramba jani. Uji wa muhogo unagundisha vizuri sana, ila ni chakula cha fukusi. Vipande vilivyodondoka, mbegu na petali, viingie kwenye bahasha ndogo inayobandikwa kwenye karatasi hiyohiyo.

Lebo ikae kona ya chini kulia. "Arua, 2024" haisaidii mtu. Andika hivi: Uganda, wilaya ya Arua, kilomita 6 kusini mwa mji kwa barabara ya Nebbi, ukingo wa kijito chini ya miembe, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe kamili, kichaka cha mita 2, ua la zambarau, utomvu mweupe, jina la Kilugbara, na useme kwamba ni la Kilugbara, mchumaji na namba. Kwa latitudo, tarakimu ya nne baada ya nukta ni sawa na mita 11 hivi, kwa hiyo nne zinatosha. Lakini sisi tunaishi juu ya ikweta, na hapo kuna mtego: kaskazini au kusini lazima iandikwe. Mmea wa Masaka, uliochumwa nyuzi 0.34 kusini, ukiachwa bila herufi au alama ya kutoa, kompyuta inauhamishia kaskazini kiasi cha kilomita 75. Wa Kampala ukigeuzwa unaangukia ziwani upande wa Ssese. Makosa hayo yamejaa kwenye hifadhidata.

Chumeni matawi mawili mawili ya kila mmea, kwa namba ileile. Moja libaki shuleni, la pili lipelekeni hebaria ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo katika orodha ya dunia inajulikana kwa herufi MHU. Kwa desturi ya fani hii, anayekupatia jina hubaki na kile kielelezo cha pili.

Na matoke je? Jani moja la mgomba linafunika mlango.
*Mkulima, Bushenyi*

Ndiyo maana hebaria nyingi zina migomba michache na mibaya. Watu wanaogopa ukubwa wake, wanachukua kipande cha jani, na kipande cha jani la mgomba hakimwambii mtu chochote.

Mzee, siri ni kuugawa mmea na kupima kabla ya panga kushuka. Pima urefu wa mgomba kutoka ardhini mpaka pale majani yanapochomozea, na mzunguko wake kwenye mita moja. Tazama shina: rangi yake, madoa meusi ni mengi kiasi gani, utomvu ni mweupe kama maziwa au ni wa majimaji. Kata kikonyo cha jani kwa kukikingamisha uangalie mfereji wake: kingo zimefunguka nje, zimesimama, au zimeinama mpaka zikagusana? Picha ya mkato huo, pamoja na rula, ina thamani kubwa kuliko picha ya mgomba mzima. Mfereji huo ni mmojawapo wa vigezo 15 ambavyo Simmonds na Shepherd walivitoa mwaka 1955 kutenganisha ndizi zenye asili ya Musa acuminata na zenye asili ya Musa balbisiana. Kila kigezo kinapewa alama 1 hadi 5, kwa hiyo jumla ni kati ya 15 na 75. Matoke yetu, yaani ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, ni AAA: seti tatu za kromosomu, zote za acuminata, na alama zake ziko chini.

Kisha kata. Kutoka jani lililokomaa chukua vipande vitatu: ncha, sehemu ya kati na kitako chenye kikonyo. Kwenye kila kipande ondoa nusu moja ya jani upande mmoja wa uti, ukibakiza ukanda wa sentimita 2 ili ionekane kwamba upande huo ulikuwepo. Uti upasue kwa urefu na ukwangue nyama ya ndani, la sivyo utaoza kabla ya kukauka. Ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, lichambue: gamba moja moja libanwe peke yake, moja likionyesha upande wa nje na jingine wa ndani, kwa sababu rangi ya ndani ya gamba ni kigezo pia na itafifia, iandike leo. Maua madogo nusu yaingie kwenye bahasha, nusu kwenye chupa ya spiriti ya asilimia 70. Ndizi ikatwe vipande vya mviringo vya nusu sentimita. Vyote vina namba moja, na kila karatasi inaandikwa "1 ya 6", "2 ya 6", mpaka mwisho. Badilisha magazeti asubuhi na jioni kwa siku tatu za kwanza. Vaa nguo ya shamba, maana utomvu wa ndizi hautoki.

Jina la kienyeji hapa si pambo. Ndizi zetu za nyanda za juu zimepangwa katika makundi matano, Nfuuka, Nakabululu, Nakitembe, Musakala na Mbidde, na Mbidde ni zile za kukamua pombe. Majina yenyewe ni ya Kiganda na wakulima ndio waliokuwa wanayatofautisha. Lakini kwenu Bushenyi ndizi hiyohiyo inaweza kuwa na jina jingine, kwa hiyo kwenye lebo andika jina mlitumialo ninyi, si lile unaloona linajulikana Kampala.

Tunaingia msituni Bundibugyo kwa siku kumi, mvua hainyamazi. Mimea yote inaota ukungu.
*Msaidizi wa utafiti*

Msikaushe huko. Panga mimea kwenye magazeti, fungeni mafungu ya unene wa sentimita 15, tieni kwenye kaveera nzito, mwagieni spiriti ya asilimia 60 hadi 70 mpaka magazeti yalowe, kisha fungeni kaveera bila kuacha hewa. Inakaa wiki nyingi. Ni njia inayoitwa kwa jina la Georg Schweinfurth (1836–1925), Mjerumani aliyezunguka nchi za Bahr el Ghazal na Uele. Waragi wa dukani, kwa wale wanaofikiria, una asilimia 40 hivi. Ni dhaifu kwa kazi hii.

Gharama yake ni mbili. Majani yatakuwa meusi, na DNA itaharibika. Kwa hiyo kabla ya kumwaga spiriti, rarueni vipande vya jani changa vya sentimita chache mtie kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mfuko wenye punje za silika zinazonyonya unyevu, uzito wa silika uwe mara kumi ya jani. Jani liwe limekauka kiasi cha kuvunjika ndani ya saa 24; likichelewa, badilisheni silika. Namba zote ziandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti, na mtarudi na mafungu ya mimea isiyo na majina.

Mimi natibu kwa mitishamba. Watafiti wananiomba niwape mimea "ya hebaria". Nikiwapa, si nimewapa dawa yangu?
*Mama mganga, Mbale*

Mama, swali lako ni la haki, na lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni kwamba kielelezo kinakulinda wewe na wagonjwa wako. Angalia artemisia, ambayo sasa kila mtu anaipanda uani. Kuna Artemisia annua, iliyotoka Asia, yenye artemisinini, kiini cha dawa za malaria. Kuna na Artemisia afra, ya Afrika, ambayo artemisinini yake ni kidogo mno au haipo kabisa. Kwa jina zote ni artemisia, na unga wake ukishasagwa haujulikani. Utafiti unaosema "artemisia ilifanya kazi" bila kielelezo chenye namba ndani ya hebaria hauwezi kuhakikiwa na mtu mwingine. Ndivyo ilivyo kwa mululuza pia: mimea kadhaa inayofanana inaitwa hivyo, na mmojawapo tu ndio unaokusudiwa.

Upande wa pili ni haki yako. Kanuni za Uganda za mwaka 2005 kuhusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zinamtaka mtafiti apate ridhaa ya mwenye rasilimali kabla ya kuichukua, na mamlaka yenye dhamana ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mwombe akuonyeshe barua ya kibali, na makubaliano yaandikwe kwa lugha unayoisoma.

Tena, mmea na matumizi yake ni vitu viwili. Unaweza kutoa tawi likaandikiwa jina, mahali na tarehe, na mstari wa matumizi ukaachwa wazi. Kielelezo hakipungui thamani kwa hilo. Usikubali tu lebo iandikwe "soko la Mbale" ikiwa mmea ulichumwa Mlima Elgon. Hilo ni kosa la kawaida sana kwa mimea ya dawa.

Mbona mimea ya Uganda iko London na Berlin?
*Kiongozi wa watalii, Fort Portal*

Kwa sababu waliochuma mapema waliipeleka kwao, na hebaria za huku zilikuja baadaye. Mpelelezi James Augustus Grant alipita na mwenzake Speke Karagwe, Buganda na Bunyoro miaka ya 1861 na 1862, kisha wakashuka na Nile. Mimea yake iko Kew, bustani ya mimea ya London, na maelezo yake yalichapishwa London kati ya 1872 na 1875. Scott Elliot alichuma Rwenzori mwaka 1893 na 1894. Bustani ya Entebbe ilianzishwa 1898. Adolf Engler, akiwa Berlin, aliuelezea mti wa musizi mwaka 1895 akauita Maesopsis eminii kwa heshima ya Emin Pasha, aliyekuwa na makao Wadelai kwenye Nile.

Linaloumiza zaidi ni lile la kielelezo mama. Kila jina la kisayansi la mmea limefungwa kwenye kielelezo kimoja, kile kilichotumiwa kuelezea aina hiyo mara ya kwanza. Wakibishana kuhusu maana ya jina, wanarudi pale. Tangu 1 Januari 1958, aina mpya isiyotajiwa kielelezo mama haina jina halali. Sasa vielelezo mama vingi vya Afrika Mashariki vilikuwa Berlin. Usiku wa 1 Machi 1943 mabomu yaliiteketeza hebaria ile, na karibu vielelezo milioni nne vikaungua. Kilichookoa majina mengi ni nakala: matawi mengine ya namba ileile yaliyokuwa yamepelekwa hebaria nyingine. Ndiyo sababu tumemwambia Mwalimu wa Arua achume mawili mawili.

Kazi ya kuandika mimea yote ya Uganda, Kenya na Tanzania ilianza kuchapishwa 1952 ikamalizika 2012, ikiwa na aina 12,104 za porini. Ukiona kwenye lebo U2, huo ndio mgawanyo wake: U1 kaskazini, U2 magharibi, U3 mashariki, U4 Buganda. Huna haja ya viza kuiona mimea iliyoko Ulaya. Vielelezo mama vingi vimepigwa picha kali sana, nukta 600 kwa inchi, navyo vinatazamwa bure mtandaoni kwenye katalogi ya Kew na hifadhidata ya kimataifa ya viumbe, GBIF. Tafuta kwa jina la mmea, kisha chuja kwa nchi. Nairobi nako kuna Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Tanzania, mwaka 1902 ikahamia huko 1950.

Kwa wageni wako wa maporomoko ya Mpanga: ule mtende-jiwe, mmea wenye umbo la mtende uitwao Encephalartos whitelockii, ulipata jina 1995 tu, na porini hauko kwingine duniani. Jenasi yote iko kwenye orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Hata jani lililodondoka lisiingie kwenye begi la mgeni.

Kwa nini mnabadilisha majina? Nilisoma Acacia, sasa ni Vachellia.
*Afisa misitu, Moroto*

Iligundulika kwamba jenasi ile ya migunga ilikuwa makundi kadhaa yasiyo ndugu wa karibu. Jina Acacia lingeweza kubaki na kundi moja tu. Mkutano wa kimataifa wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005 ulilikabidhi kundi la Australia, na Melbourne 2011 ukathibitisha. Za kwetu zikawa Vachellia na Senegalia. Afrika ilinung'unika, na kwa maoni yetu ilikuwa na haki. Lakini kielelezo chako cha zamani hakijaharibika: usifute jina la kwanza, bandika kikaratasi kipya pembeni chenye jina jipya, aliyelitoa na tarehe.

Kabati la shule yetu lina karatasi za miaka ya zamani. Chini yake kuna unga wa kahawia. Je, mbegu zilizomo bado zinaweza kuota?
*Mtunza maktaba, Masindi*

Maswali mawili, na la kwanza ni la haraka. Unga ule ni kinyesi cha fukusi, ama yule wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ama ndugu yake Stegobium paniceum, na vibuu vyao viko ndani ya maua sasa hivi. Funga mafungu kwenye kaveera mbili, toa hewa, tia kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Umeme ukikatika mpaka barafu ikalegea, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue kaveera mpaka zipite saa 24, vinginevyo mvuke wa hewa utaganda juu ya mimea baridi na ukungu utachukua kazi alipoishia fukusi. Naftalini inawafukuza tu wadudu, haiwaui, na chumba cha watoto si mahali pake. Kabati likae sentimita 15 juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje, unyevu wa hewa usizidi asilimia 60. Na ukiona karatasi kuukuu zenye madoa ya kijivu au neno la sumu, vaa glavu na ufungue madirisha: zamani walipaka kloridi ya zebaki kuzuia wadudu, na zebaki haiishi nguvu.

Kuhusu mbegu, zipo zilizoota. Mwaka 1940 hebaria ya makumbusho London ilipigwa bomu, maji ya wazima moto yakalowesha makabati, na mbegu za Albizia julibrissin zilizochumwa China mwaka 1793 zikaota. Ni ndugu wa mti wetu wa mugavu. Mbegu za jamii hiyo zina ganda gumu lisilopitisha maji. Mbegu laini, kama za kahawa au mwembe, huwa zimekufa ndani ya miezi, na zile zilizokaushwa kwa joto kali hazina nafasi kabisa. Kwa hiyo hebaria si benki ya mbegu. Kazi hiyo iko Entebbe, kwenye kituo cha rasilimali za kijenetiki za mimea ndani ya bustani.

Ukitaka kujaribu, chukua mbegu mbili zilizodondokea kwenye bahasha, usibandue zilizo bado ndani ya tunda, na uandike kwenye karatasi kwamba umezichukua na lini. Kwaruza ganda kwa msasa upande ulio mbali na kile kidoa cha kitovu, loweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku mmoja. Iliyovimba asubuhi imepitisha maji; ipande nusu sentimita chini ya mchanga. Isiyovimba, kwaruza tena.